Kifaru wa Nyamai Mezani kwa Meja

Yule kifaru bado yuko mezani. Wiki nzima mmekula, mmelala, mmekwenda kanisani na kurudi, naye amesimama pale pale juu ya gazeti alilofungiwa, pembe imeelekea tumbo la Nyamai.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la Jumamosi kwa sababu jirani alifungia nyama, nakupa kwa ufupi. Nyamai ni askari mstaafu, koplo, mkazi wa Shauri Moyo. Mkono wake wa kulia ulikufa ganzi mwaka wa sitini na sita, huko kaskazini, wakati wa vita vya Shifta, vya waasi wa mpakani. Mkono upo, una vidole vyote na kucha zake, ila hausikii kitu. Amedai fidia ya ulemavu mara mbili na mara mbili amekataliwa. Hii ni rufaa yake ya mwisho. Bodi ya fidia ikisema hapana, hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Tena kuna jambo ambalo bodi hailijui. Mkono wa kushoto nao umeanza. Vidole viwili vya mwisho vimelala tangu Pasaka. Mkewe, Syombua, aligundua asubuhi aliyomkuta Nyamai amebeba sufuria ya uji iliyotoka motoni, bila kitambaa, anamsimulia habari za jirani, wala hana habari kwamba anaungua. Mkono wa kushoto ndio unaowalisha. Ukilala wote, nyumba nzima italala njaa.

Haya, turudi mezani. Bodi ni watu watatu. Kuna Meja, mwenye masharubu yaliyokatwa sawasawa na neno la mwisho. Kuna Daktari Mbeti, mama mfupi wa miwani. Na kuna katibu wao, Bwana Njogu wa suti ya kijivu, ambaye ndiye aliyemtoa kifaru kwenye mkoba wake na kumweka mbele ya watu.

"Nauliza tena," alisema Njogu. "Nani alichonga kifaru huyu?"

Nyamai alimtazama yule mnyama. Alimjua vizuri. Alikuwa amembana katikati ya magoti akampiga msasa kwa mkono wa kushoto hadi akang'aa.

"Nilikuja kwenye karakana yenu, nyuma ya soko la Kariokor," Njogu aliendelea. "Nilikuwa na mke wangu. Nilikuuliza, mzee, kazi nzuri hii ni ya nani? Ukanijibu nini?"

"Nilisema nimechonga mimi mwenyewe."

"Ukanionyesha mkono upi?"

Nyamai aliinua wa kulia. "Huu."

Mdomo uliponza kichwa, ndivyo walivyosema wazee. Syombua, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, aliinamisha uso. Kando yake alikaa jirani yao Caleb Odero, karani wa reli, ambaye alikuwa amekuja kumsemea Nyamai kwa sababu anajua kuzungumza na wakubwa bila kutetemeka.

Hapa nikusimamishe kidogo, msomaji. Wewe ambaye hujawahi kuuza kinyago utadhani Nyamai ni mwongo. Kweli ni mwongo, lakini uongo wake ni wa kazi.

Katika karakana ile kinyago kimoja hupita mikono mingi. Mmoja hulikata gogo kwa tezo. Mwingine hutoa miguu na tumbo. Yuko fundi wa uso na masikio, naye hujiona bwana mkubwa. Kisha huja mtu wa msasa. Mwisho kabisa huja mtu wa rangi ya viatu, anayesugua mti mweupe hadi ugeuke mpingo machoni pa mtalii. Nyamai ni mtu wa msasa. Hajawahi kushika tezo tangu avue magwanda.

Lakini mnunuzi hataki kusikia habari za watu watano. Anataka mzee mmoja juu ya kigoda, mwenye mikono yenye vumbi, amwambie nimechonga mimi mwenyewe. Basi Mativo, mwenyekiti wa wachongaji, akaweka sheria: atakayekutwa mbele ya karakana akiulizwa, kila kitu amechonga yeye. Mlinzi husema hivyo. Mke wa Mativo alileta chakula cha mchana siku moja, akajikuta amechonga twiga wawili kabla sahani hazijapoa. Biashara haigombi.

Odero alisimama. "Bwana Meja, pale kila mtu husema maneno hayo. Ni desturi yao."

"Desturi ya kudanganya?"

"Ya kuuza, bwana."

Meja hakumtazama. Alikuwa anamtazama Nyamai. "Koplo, ulidanganya siku ile, ama unadanganya leo?"

"Siku ile, afande."

"Na mimi nitajuaje?"

"Sijui, afande."

Alilisema hilo kama mtu anayeulizwa njia ya mtaa asioujua. Ningependa kuwaandikia kwamba moyo ulimdunda, jasho likamtoka, akapiga magoti. Hakufanya hata moja. Ganzi ya mkono ilipanda zamani, ikapita bega, ikafika kusikofikiwa na daktari. Dada mmoja wa Makongeni ameniandikia kwamba Nyamai wangu ni mti, hana hasira, nimpe hasira. Dada, hasira ninazo mimi. Yeye zilimwishia.

"Niachieni mimi," alisema Daktari Mbeti.

Alivuta kiti hadi mbele ya Nyamai, akauweka ule mkono wa kulia juu ya meza, kiganja juu. Akamfunga macho kwa kitambaa cheupe.

"Koplo, sikiliza vizuri. Nikikugusa ukisikia, sema ndiyo. Nikikugusa usiposikia, sema hapana. Umeelewa?"

"Nimeelewa, daktari."

Daktari akatoa sindano. Akamchoma kwenye kidole gumba. Nyamai kimya. Akamchoma kwenye kiganja, kisha ncha ya kila kidole, kisha kwenye nyama laini iliyo chini ya gumba, na hapo aliizamisha sindano bila huruma. Damu ilitoka ikatafuta njia yake kuelekea kwenye lile gazeti. Syombua alijiziba mdomo kwa leso.

Nje mtu alikuwa anapiga taipureta, akaacha, akaanza tena.

"Koplo," Meja alisema, "mbona hujibu?"

"Nangoja daktari aanze, afande."

Hakuna aliyecheka. Daktari Mbeti alimfungua kitambaa. Nyamai akaiona damu, akaifuta kwa kiwiko cha koti lake zuri, ambalo Syombua alikuwa ameazima pasi ili alinyooshe.

"Samahani kwa meza yenu," alisema.

Daktari alimgeukia Njogu. "Mwongo angesema hapana kila nilipomchoma. Na ili useme hapana, lazima usikie kwamba umechomwa. Wengi nimewakamata hapo. Huyu hakujua kama nimeanza." Akafunga sindano yake. "Mkono huu haupo, Meja."

Njogu alimchukua kifaru, akamrudisha mkobani taratibu. Mimi nilifurahi. Nyamai sijui.

Lakini ofisi ni ofisi. Meja alifungua kitabu cha jedwali, lile linalosema kila kiungo kina thamani gani. Alipitisha kidole juu ya ukurasa. "Kidole gumba kilichokatika, kipo. Mkono uliokatwa kwenye kifundo, upo. Jicho lipo. Mkono uliopo lakini una ganzi, sioni."

"Andika umekatwa," alisema daktari.

"Haujakatwa. Mimi naona kucha."

Ndipo Syombua aliposimama. Hakuwa ameitwa. Ni mwanamke mnene, mpole, anayeuza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa vibarua wa Industrial Area, na kwa kawaida hata kwa kanjo, askari wa jiji, huongea kwa adabu.

"Afande," alisema, "mimi ndiye namfunga kamba za viatu. Mimi ndiye namfunga vifungo vya shati. Tukienda kanisani na watu wakisalimiana, mimi humtangulia, ili mtu asimshike huo mkono akadhani anadharauliwa. Kwa hiyo hicho kitabu chenu, mimi niko ukurasa gani?"

Meja alimtazama. Akamtazama daktari. Akafunga kitabu.

"Andika umekatwa kwenye kifundo," alimwambia Njogu.

Odero alimkamata Nyamai bega, akalitikisa. Syombua alikaa chini, machozi yakamtoka bila sauti. Miaka yote hiyo ya kuzungushwa, na neno lilikuwa limesemwa. Njogu aliandika. Kalamu yake ilikuwa nzuri, ya wino.

"Hilo lilikuwa swali la kwanza," alisema Meja. "Sasa la pili."

Naomba mnisamehe, lakini fidia ya askari ina maswali mawili. La kwanza ni umeumia kiasi gani. La pili ni umeumia kazini ama umeumia kwa mambo yako. Wengi hupita la kwanza wakaanza kushona suti, na la pili likawangoja mlangoni.

Meja alifungua jalada. "Gari la maji lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Ndani mlikuwa askari wanne, pamoja na mateka mmoja mliyekuwa mnampeleka kambini. Wewe ndiye uliyekuwa unamlinda. Ni kweli?"

"Ni kweli, afande."

"Wewe uliokotwa siku ya pili kwenye kisima, mbali na gari. Jalada linasema wengine wote walikufa, mateka pia. Ni kweli?"

Nyamai alitazama viatu vyake. "Walikufa, afande."

"Na leo unadai gari lilikulalia mkono."

"Lilinilalia."

"Basi nani alikuinulia?"

Taipureta ya nje iliacha.

"Gari zima la maji, Koplo. Limelala juu ya mkono wako. Wenzako wamekufa, mateka amekufa. Nani aliliinua?"

"Niliuvuta mwenyewe."

Meja alimgeukia Daktari Mbeti. Yule mama aliuchukua tena ule mkono, akakunja mkono wa koti hadi juu, akayatazama makovu kwa muda mrefu. Alikuwa amemwokoa Nyamai sasa hivi tu. Syombua alimtegemea kwa macho.

"Haiwezekani," daktari alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni. "Mtu aliyebanwa hivi hajitoi mwenyewe. Nikisema anaweza, nitakuwa nimedanganya."

"Nilivyofikiri," alisema Meja. "Kikosi chako kilishuku tangu siku ile kwamba uliruka garini ukakimbia kabla ya mlipuko, ukaumia kwenye mawe huko ulikokimbilia. Hawakuandika, kwa sababu walikuhurumia. Mtoro halipwi fidia. Mtoro hata ile pensheni ndogo anayokula, huondolewa."

Njia ya mwongo ni fupi. Kabla ya siku hiyo Nyamai alikuwa amesema uongo mara mbili maishani mwake, mmoja wa kuuza kifaru na mwingine aliousema alipookotwa kisimani. Uongo huo wote ulikuwa umemfuata hadi kwenye chumba kimoja.

"Bodi iko Nairobi hadi kesho," Meja alisema. "Saa nne asubuhi niletee mtu mmoja aliyeona. Mmoja ananitosha. Usipomleta, nitaandika kwamba ulitoroka."

Walitembea kurudi Kariokor. Walipofika Race Course Road, Odero hakuweza kuvumilia zaidi.

"Omera, ndugu yangu, kuna mtu aliyeona?"

"Walikufa wote."

"Baba Koki," Syombua alimwambia mumewe, "wewe ukidanganya hutazama viatu. Leo umevitazama mbele ya Meja, na sasa unavitazama tena."

Nyamai aliinua uso, akatazama paa la soko. Haikusaidia.

Karakanani, Mativo alisikia habari za kifaru akashika kichwa. Alikuwa mzee wa maneno mengi, lakini siku hiyo alipungukiwa. "Ni sheria yangu iliyokuponza," alisema. "Nipelekeni mimi huko kesho. Nitawaambia hata mlinzi amechonga simba."

"Hilo limekwisha, Mzee," alisema Nyamai. "Limebaki lingine."

Akakaa kwenye kigoda chake. Syombua alipuliza mkaa wa chai kando ya ukuta. Na wakati huo huo mkokoteni wa ngozi ulipinda kona.

Kila wiki mkokoteni ule hupita pale, umejaa ngozi za mbuzi na ng'ombe za kuwauzia mafundi wa mikoba na mikanda. Mwenye nao ni Msomali mrefu wa Eastleigh, mwembamba, ndevu kapaka hina. Anaitwa Qorane. Na kila wiki, akipita mbele ya karakana, Nyamai huinamia kinyago chake na Qorane huyatazama magurudumu yake. Wachongaji walikuwa wameshakubaliana kwamba wawili hao waligombana zamani juu ya jambo fulani, na mtu akinyamaza hivyo usimchokoze.

Siku hiyo Nyamai alisimama, akatoka, akauzuia mkokoteni kwa goti.

"Askari," alisema Qorane.

"Kesho usipite hapa."

"Salamu zako ni hizo, baada ya muda wote huu?"

"Kuna mtu wa serikali amezoea karakana yetu. Anaitwa Njogu. Usipite hapa kesho, wala wiki ijayo."

Qorane aliweka chini vishikio vya mkokoteni. "Wanatafuta nini?"

"Wanatafuta aliyeinua gari. Kesho nisipomleta, wataandika kwamba nilikimbia."

Yule mzee wa ngozi alisogea karibu. Aliutazama mkono wa kulia wa Nyamai, uliokuwa ukining'inia na alama mbichi za sindano.

"Huo mkono ulipona?"

"Upo."

"Unauma?"

"Hausikii."

"Siku ile ulisikia sana," Qorane alisema. "Uliniomba niukate. Ulinifungua kamba kwa mkono wa kushoto na meno, ukaniambia nenda zako, wewe ni mchunga ngamia tu, ulikamatwa kwenye maji ya baba yako. Nikaenda. Nikafika kwenye mgunga wa kwanza nikasikia unalia. Ndipo nikarudi kutafuta jeki."

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka kwa niaba ya wote wawili. Nilikubeba hadi kisimani. Ukaniahidi utasema nimekufa, wasinitafute. Nami nikawa mfu mwenye mke na watoto, nauza ngozi." Akashusha pumzi. "Nikija kusema, watakuuliza kwa nini ulimwachia mateka."

"Ndiyo."

"Nisipokuja, watasema ulikimbia."

"Ndiyo."

"Na mimi wakinitia mkononi, sijui watanifanya nini."

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana nakwambia."

"Kesho wapi?"

"Jengo la zamani, karibu na stesheni. Saa nne. Nakwambia ili upite mbali."

"Askari, wewe mwenyewe unataka nini?"

Nyamai alifikiri. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kumwuliza. "Nataka usipite hapa kesho," alisema.

Qorane alivinyanyua vishikio, akaenda zake. Nyamai alirudi kwenye kigoda, akabana twiga katikati ya magoti, akachukua msasa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki nyuma, vimenyooka, havitaki kukunjika na wenzao.

Lakini Syombua alikuwa amesikia kila neno. Chai ilichemka ikamwagika juu ya mkaa, naye amesimama tu. Miaka yote amelala na mtu huyu, amemfunga viatu, na hakuwahi kuambiwa. Iliuma, msomaji. Yeye si mtu wa ganzi. Mwenye kovu usidhani kapoa, na hili halikuwa hata kovu bado. Alijifuta mikono, akavua aproni, akaufuata ule mkokoteni.

Alirudi jua likiwa limeelekea magharibi. Odero, aliyemwona akiufuata mkokoteni, alikuwa anamngoja nje ya nyumba zao.

"Yule wa ngozi amesemaje?"

"Alinikaribisha chai. Mkewe aliniwekea na maziwa. Nikamweleza mkono wa kushoto, sufuria ya uji, kila kitu."

"Naye?"

"Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia mtoto anisindikize. Hakusema ndiyo, hakusema hapana."

Asubuhi walikwenda tena, watatu wale wale, na koti lile lile. Doa la damu lilikuwa limekataa kutoka kwenye kiwiko. Bodi iliketi ilivyoketi jana, ila leo hapakuwa na kifaru.

"Koplo, shahidi wako?"

"Sina, afande."

"Una hakika? Nikiandika, nimeandika."

"Nina hakika."

Syombua alifungua mdomo. Nyamai aligeuka akamtazama, akatikisa kichwa, na yeye akaufunga. Mpaka leo hajui kwa nini alimtii. Daktari Mbeti alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Meja alichukua kalamu, akavuta jalada karibu, akaandika jina la Nyamai juu ya ukurasa.

Mlango ulibishwa.

"Tuna kazi," Njogu aliita.

Mlango ukafunguliwa hata hivyo. Qorane aliinama kidogo kuingia, kwa kuwa ni mrefu. Alivaa kanzu safi na kofia, na ndevu zake alikuwa amezipaka hina upya. Nyamai alimwona, na mkono wake wa kushoto ukashika ukingo wa kiti.

"Wewe nani?" aliuliza Njogu. "Madai yako yameitwa leo?"

"Mimi sidai kitu. Nimekuja kusema nani aliinua gari."

"Nani?"

"Mimi. Kwa jeki iliyokuwa nyuma ya kiti cha dereva. Mwenyewe alikuwa chini ya gari, mkono huo hapo. Hakuruka. Hakukimbia. Mtu aliyelaliwa na gari hakimbii."

Daktari Mbeti alikuwa ameshauchukua ule mkono wa Nyamai, anatazama makovu mara ya pili. "Kwa jeki," alisema polepole. "Ndiyo. Kwa jeki inawezekana."

Odero alipumua. Syombua alifumba macho akasema jambo kwa Kikamba ambalo lilikuwa kati yake na Mungu. Kwa muda mfupi, msomaji, kesi ile ilikuwa imekwisha na Nyamai ameshinda.

Meja hakuwa ameacha kumtazama mgeni.

"Ulikuwa unafanya nini kwenye barabara ile?"

"Nilikuwa ndani ya gari."

"Garini kulikuwa na askari na mateka. Wewe hukuwa askari."

"La, sikuwa askari."

"Jina lako?"

"Qorane."

Njogu alikuwa ameshaligeuza jalada. Kidole chake kilishuka kwenye ukurasa kikasimama. Alilisoma jina lililokuwa pale, akalisoma tena, akamsogezea Meja.

Meja alisoma. "Mfu," alisema.

"Ndivyo ninavyoambiwa," alisema Qorane.

"Jeshi la nchi hii liliandika kwamba mtu huyu amekufa. Nani aliyeliambia?" Sauti ya Meja haikupanda, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Nauliza mara moja. Nani aliyesema mateka amekufa?"

Qorane alimtazama Nyamai, akatikisa kichwa kidogo sana. Nyamaza, alimaanisha. Odero naye alimvuta koti kwa nyuma. Maofisa wa siku zile walikuwa wamekufa ama wamestaafu. Angeweza kusema ni koplo mwingine, ni daktari wa kambi, ni homa. Nani angembishia?

Nyamai alisimama. Mkono wa kushoto aliunyoosha kwenye mshono wa suruali, kama alivyofundishwa. Wa kulia uliachwa ufanye upendavyo.

"Mimi mwenyewe, afande."

Meja aliweka kalamu chini.

"Bwana Njogu," alisema, "funga huo mlango kwa ufunguo. Halafu unipe ufunguo."